Karani Alikuwa Anatafuna Nini

"Umemlisha punda wangu tumbaku, Baba Levina. Mwaka wa tatu huu, na leo sinyamazi."

Recheli alimwambia mume wangu Justus maneno hayo akiwa amesimama mlangoni pa bani letu la kukaushia tumbaku, kamba ya punda mkononi. Nyuma yake majani mabichi yalikuwa yamemwagika njiani kutoka shambani mpaka kwetu, na ng'ombe wa watu wameshaanza kuyakanyaga. Majani mabichi hayana subira. Yakichumwa asubuhi, jioni yawe yamefungwa kwenye vijiti na kuingia banini. Ukiyaacha kwenye lundo yanajipasha moto yenyewe, kesho unakuta uji mweusi. Kwa hiyo Justus naye hakuwa na moyo wa kubembeleza. Alimjibu kwamba hakuna mwenye akili anayelisha punda mali ya kuuza, na kama kuna mlafi hapo basi ni punda.

Recheli akamshika mnyama taya. "Tazama basi. Anatafuna nini kama si jani lako?"

Kweli alikuwa anatafuna. Punda huyo jike tulimwita Karani kwa sababu ana duara jeupe kuzunguka kila jicho, utadhani amevaa miwani. Siku hiyo Karani alikuwa amenyoosha shingo, masikio ameyalaza nyuma, anafungua mdomo na kuufunga, tap, tap, na udenda unamshuka mpaka chini. Mdomoni hamna kitu. Anakojoa kidogo kidogo, na ukimgusa kiuno unakula teke. Sogi lake, yale matandiko ya kubebea mzigo, lilikuwa limepinda ubavuni baada ya yeye kulirusha.

Sisi wa Ipole tunamjua mnyama aliyekula tumbaku. Anatoka udenda, anasumbuka. Halafu Karani alikuwa akipata haya masika tu, tumbaku ikiwa shambani. Kiangazi hana habari. Basi hakuna aliyeuliza swali la pili, na mimi ni mmoja wa hao ambao hawakuuliza.

Recheli ni mjane wa miaka hamsini na kitu, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani kwetu Moravian, na ni mtu wa malalamiko. Mchungaji akirefusha sala analalamika, akifupisha analalamika kwamba tumepunjwa. Marehemu mumewe, Shilinde, alikuwa mrina asali. Alipokufa, ndugu zake waligawana mizinga wakamwachia mitatu mibovu, na wakamwachia punda kwa kuwa hawakumtaka: jike, mdogo, anapiga mateke. Mjane akamfanya huyo jike kuwa mume wa nyumba. Karani amebeba maji, kuni, madumu ya asali za watu, na msimu wa tumbaku amebeba majani yetu kutoka shamba la bondeni. Mgongo huo ndio unaomsomesha mjukuu, Getruda, aliyepanga chumba Mtendeni huko Tabora mjini ili awe karibu na shule. Karani akigoma wiki, Getruda analala njaa. Hayo Recheli hakuwa anayasema kwa sauti, lakini ndiyo yaliyokuwa yanapiga kelele pale mlangoni.

Dawa yake ya sumu ya tumbaku ilikuwa asali. Anaikoroga kwenye maji vuguvugu, anajaza chupa ya soda, anamwinua Karani kichwa na kummiminia. Asali yenyewe alikuja kuazima kwangu, kidumu cha lita tatu, akiahidi kurudisha mizinga ikirinwa. Na kila mara, siku ya sita au ya saba, Karani anatulia, na Recheli anatangaza kanisani kwamba asali imefukuza tumbaku. Nani angebisha? Punda mzima, asali imekwisha, ushahidi umekamilika.

Safari hii mambo yaliharibika. Justus alisema ameshindwana naye, atakodi mkokoteni wa maksai wa Amon, mkulima wa ng'ambo ya barabara. Kesho yake Recheli akajaribu kuonyesha kwamba punda wake ni mzima. Alimtandika sogi, akampakia kuni, akamsukuma. Karani alitembea hatua kama ishirini akalala chini na mzigo wake. Recheli akachukua kijiti cha kufungia tumbaku akaanza kumpiga. Nilikuwa nachota maji, niliona. Alimpiga bila kusema neno, na yeye si mtu wa kukosa neno. Alipochoka akakaa kwenye vumbi karibu na kichwa cha mnyama.

"Nimempiga mpaka mkono umeuma," akaniambia. "Mama Levina, Alhamisi nampa Saidi."

Saidi ni mnunuzi wa punda, hupita siku ya gulio. Punda wanaoondoka na Saidi hakuna aliyewahi kukutana nao tena, si Sikonge, si Tabora. Tunajua, na tunanyamaza.

Nikampigia simu afisa mifugo. Sitajifanya nilikuwa na huruma sana. Nilichoogopa ni baraza la kanisa: punda akiuzwa kwa Saidi huku mwenyewe anasema Justus amemlisha sumu, jina letu lingekuwa wapi? Akaja na pikipiki, binti anaitwa Ibtisam, wa zile familia za Waarabu wenye maduka Kanyenye, Tabora mjini, kajifunga ushungi vizuri na miguuni gambuti. Justus alinikonyeza kana kwamba nimemletea muuza vitambaa. Binti akasema shikamoo kwa kila mtu, akaitikiwa marahaba nusu nusu, akaenda kwa punda.

Alimtazama fizi. Alichunguza kinyesi. Alimwekea sikio ubavuni akasikiliza tumbo muda mrefu. Kisha akateremsha kiganja taratibu kutoka mabegani kwenda nyuma, na kilipofika kiunoni Karani akajikunja na kutafuna hewa. Ibtisam akauliza tarehe: mara ya mwisho lini, na kabla ya hapo lini.

Recheli alisema yeye hana kalenda. Lakini alikuwa nayo, na sote tulikuwa tunaitazama kila siku. Huku kwetu ukuta wa bani ndio daftari. Justus huandika kwa mkaa siku alizowasha moto na siku alizozima, na Recheli huchora kijistari kwa kila safari aliyobeba. Ibtisam akaomba asomewe. Justus akaanza kwa kejeli, kidole kikitembea ukutani, na kejeli ikaisha katikati. Mistari ilikuwa inakwenda, inakatika siku kama saba, inakwenda tena. Kutoka pengo moja hadi lingine, wiki tatu na siku mbili tatu. Kila mara.

Akarudi mpaka pengo la kwanza, juu kabisa.

"Hapa Krismasi," alisema. "Tulikuwa tunasomba kuni. Tumbaku ilikuwa miche ya kiganja. Hakukuwa na jani la kuliwa."

"Hajala kitu, mama," Ibtisam akamwambia Recheli. "Yuko kwenye joto, anataka dume. Majike wa punda wakati huo hutafuna hivyo hivyo, mdomo mtupu. Mvua ikinyesha, nyasi zikiwa nyingi, mwili unaamka. Mayai yanakomaa tumboni, na huyu wako yanamuuma mpaka kiunoni. Na sogi linakaa palepale."

Nilitegemea Recheli abishe. Alitazama kijiti cha jana kilichokuwa bado chini.

"Sisi tulipoumwa tulijifunga kanga tukalima," akasema. "Nani alituuliza?"

"Na ilikuwa haki, mama?"

Mimi nilijishughulisha na kuokota majani.

Ibtisam alimchoma Karani sindano moja ya kutuliza maumivu, akaeleza mengine polepole, mara mbili, kwa sababu Justus naye alikuwa anasikiliza akijifanya hasikii. Siku hizo sogi lisimguse. Atembezwe kidogo asubuhi, akae kivulini, maji yasikosekane. Asifungwe mbele ya dume la punda la Amon, maana tulikuwa tumemfunga pale pale, dume linalia kutwa na yeye anazidi kuhangaika. Siku akikubali, avute kigari chepesi. Akikataa kula, au akigaagaa chini, au siku kumi zikipita hajatulia, basi huo ni ugonjwa mwingine na apigiwe simu. Na ile chupa ya asali iachwe, ingeweza kumwingia mapafuni ikamuua. Alipona kwa sababu siku zake zilikwisha tu.

Miaka mitatu ya asali yangu.

Mtu angedhani hapo mambo yamekwisha, lakini Alhamisi ilikuwa palepale. Saidi alikuja asubuhi na kamba yake. Recheli alikuwa ameshatumia akilini hela ya Saidi: kodi ya chumba cha Getruda ilikuwa imechelewa miezi miwili. Alimtoa Karani. Naona alitaka kuuza kwa uaminifu, maana alimweleza mnunuzi wazi kwamba mnyama huyu kila baada ya wiki tatu anaumwa, asibebeshwe.

Saidi akacheka kidogo. "Kwangu hilo si tatizo, mama. Anakokwenda habebi kitu."

Recheli alibaki ameshika kamba. Saidi akanyoosha mkono, akaivuta, haikuja. Akaongeza bei. Recheli akamwambia akanunue mbuzi. Halafu akageuka na punda wake, akapita mbele ya watu wote wa gulio bila kumsalimia mtu.

Wiki ile alibeba maji ya watu kichwani mwenyewe, kwa umri ule, na shingo ikavimba. Getruda alihamia kwa shangazi wa rafiki yake. Sisi tulimaliza wiki na maksai wa Amon, na sehemu ya majani ilioza. Siku mistari ya Karani ilipostahili kuanza tena, Justus alituma salamu kwamba shamba la bondeni lina mzigo. Recheli akaja. Hakuna aliyeomba msamaha. Kwenye ukuta wa bani, mahali pa mapengo, alianza kuchora duara, na siku za duara Justus alichuma majani machache, akinung'unika kwamba sasa anapangiwa uchumaji na punda.

Mwezi wa sita, nyasi zimekauka na Karani ametulia, Recheli alirina ile mizinga yake mitatu. Alikuja na kidumu changu kimejaa. Alianza kwa kulalamika kwamba kifuniko changu kinavuja, kimemchafulia gauni. Kisha hakunipa mimi, akampa Justus.

"Hii ni asali ya Mama Levina, niliyomnywesha mnyama mzima," alisema. "Ile ya kukuita mlisha sumu sina cha kuilipia, Baba Levina."

Justus alifungua kidumu, akachovya kidole, akalamba.

"Hiyo ilishafutwa," akasema. Kisha akauliza kama Karani yuko sawa kiuno, maana kesho kuna marobota ya tumbaku ya kupeleka godauni.