Mkwe wangu alimwagilia maji ukuta mbichi kwenye winter ya Brussels, mpaka leo natetemeka

Wakuu, nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni fundi ujenzi, naishi Uccle, hapahapa Brussels. Kazi nilifundishwa Morogoro na mzee mmoja mkali kweli, na kwa ujasiri wangu nikaoa binti yake. Kwa hiyo mkwe wangu ndiye mwalimu wangu.

Mke wangu alipopata ujauzito, mzee akaja kusubiri mjukuu. Nikaamua kuongeza chumba cha mtoto nyuma ya nyumba, winter hiyohiyo, maana mtoto hasubiri hali ya hewa. Nilisaidiwa na Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, tunafanya naye kazi site moja.

Siku hiyo tulipandisha ukuta wa mwisho, mrefu. Tukaufunika mablanketi na turubai, tukaenda kufuata mbao.

Kwa wasiojua: huku ukuta mbichi unafunikwa kama mgonjwa wa homa. Mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, ikipigwa na barafu kabla haijashika, imekwisha hiyo.

Sasa mzee alibaki nyumbani. Kwetu ukuta mpya unamwagiliwa maji usije ukapasuka kwa jua, na enzi zile alishanicharaza kwa kusahau. Akaona vijana tumezembea. Akafunua kila kitu, akavuta mpira wa maji, akaulowesha vizuri kabisa, akauacha upigwe na hewa.

Tulirudi giza limeshaingia, hatukwenda kuangalia. Usiku ule barafu ikashuka.

Asubuhi Papa Ilunga akaja, tukatoka nyuma. Ukuta uko wazi, unang'aa. Nikaugonga, mgumu ajabu, nikashusha pumzi.

Papa Ilunga akachokonoa mota kwa msumari, zikatoka chengachenga za barafu. Akaongea taratibu:

"Ni baridi ndiyo inaishikilia, hapana ciment. Jua ikipiga, bon, inarudia potopoto, matope kabisa."

Tukatazama juu. Jua lilikuwa limetoka muda tu, linapiga upande wa pili wa ukuta.

Nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa dirishani, mzee yuko wapi. Akasema ametoka na kiti, anaota jua kule nyuma ya ukuta.

Wakuu, upande huo ndio ukuta ungeangukia.

Kumwita nisingeweza. Mzee hasikii vizuri, na akishtuka angejishikilia ukutani ili anyanyuke. Nikazunguka kwa kunyata. Nikamkuta kaegemeza kichwa kwenye matofali, macho kafumba, kofia magotini. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye mota, karibu kabisa na sikio lake.

Kwetu mkwe hashikwi jamani. Unampisha njia, unamwamkia kwa mbali. Mimi nilimpitishia mikono kwapani nikamburuta kama gunia, kiatu kimoja kikabaki. Alinitukana matusi ambayo sikuwahi kuyasikia hata nilipokuwa kibarua wake.

Hakumaliza. Ukuta uliinama kuelekea juani, polepole, ukalala juu ya kiti. Haukutoa hata kelele nyingi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mzee aligeuka. Akaangalia pale kilipokuwa kiti, akaangalia mikono yake.

"Nilitaka mjukuu wangu asilale kwenye ukuta wa nyufa," akasema.

Kisha akaulizia kiatu chake.

Nilichojifunza: ukuta mgumu asubuhi ya barafu usiuamini, subiri jua liseme. Na mgeni akiwa ndiye aliyekushikisha mwiko, mweleze mapema mambo ya huku yalivyo, hata kama bado unamwogopa. Mimi nilimwogopa, nikakaa kimya, nusura nimzike.

Chumba tulikijenga upya, mtoto analala humo. Mliojenga kwenye baridi, iwe Ulaya au Makete, mwageni ya kwenu hapa. Hata wanaotaka kunicheka kwa kumburuta mkwe, ruksa.

Naishia hapa wakuu. Jua limetoka, mke wangu anafurahi, na mimi nakwenda kuangalia mzee amekaa wapi.