Upande wa Bawaba

Kosa langu la mwanzo katika uchoraji wa ufundi lilikuwa kuiacha mistari ya vipande vipande. Mistari hiyo huchorwa kuonyesha kitu kilichopo lakini kimefichwa na kitu kingine: bawaba iliyo nyuma ya ubao, tundu lililo ndani ya nguzo. Kazi yake niliielewa vizuri. Niliiacha kwa sababu iliuchafua mchoro. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nilitaka karatasi yangu iwe safi hata mtu akiitazama aone haya kuigusa.

Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa karani wa duka pale Ukunda, na katika marobota ya karatasi kuukuu tulizofungia sukari niliokota kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na sukari ya watu. Zilizobaki zilijaa picha za vitu vilivyokatwa katikati kama papai, na mishale midogo yenye namba, na nyumba zilizotazamwa kutoka mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kusimama. Nilikitia chini ya meza. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa wizi.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, na kamusi yangu ilikuwa ndogo. Neno ambalo kitabu kilitumia kwa sura ya mbele ya nyumba, kamusi ilisema maana yake ni kuinuka. Neno la sura inayoonekana kutoka juu likawa shauri. Na lile la kupunguza kipimo, yaani futi moja ya ukuta kuwa inchi moja ya karatasi, kamusi ilisema ni magamba ya samaki. Nilitembea na magamba hayo kichwani wiki nzima, nikijiuliza ni fundi gani wa Ulaya aliyeanza kujenga kwa kumtazama samaki changu.

Mwishowe nilikwenda kumwuliza seremala aliyekuwa na karakana nyuma ya duka letu. Alikuwa mtu mzima wa Kidigo, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, na hakuwahi kuchora mlango hata mmoja katika maisha yake, ingawa milango yake ilikuwa imeenea kutoka Tiwi hadi Msambweni.

"Shikamoo, fundi. Ukitaka kumwonyesha mtu jinsi kabati litakavyokuwa kwa ndani, unasemaje?"

"Marahaba. Namwambia asubiri nilimalize."

"Na asipotaka kusubiri?"

"Basi huyo hataki kabati, anataka maneno. Nitamleta kwako."

Alinicheka, lakini hakunifukuza. Kila jioni baada ya kufunga duka nilikwenda na daftari, nikamwonyesha picha, naye akaniambia neno kama analo. Uzi wenye risasi wa kuonyesha wima aliuita timazi. Kifaa cha kuchorea duara aliniambia ni bikari. Kitu kilichokatwa ili kuonyesha ndani, alisema yeye angekiita mkato, kwa kuwa gogo likishapasuliwa huwezi tena kudanganya kuhusu moyo wake. Lile la magamba hakuwa na neno lake. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akasema, "Hili nalifanya kwa macho. Sijapata kulitafutia jina." Nikaandika: kipimo kidogo. Kisha nikaona mwandiko wangu umepinda, nikaichana karatasi, nikaandika tena.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mchoro mmoja wa stuli ya miguu mitatu niliurudia mara saba. Mara ya sita ulikuwa sawa kabisa, ila herufi moja ilisimama chini kidogo ya wenzake.

Mwaka huo bibi mmoja wa Mwabungo, mkunga aliyewapokea watoto wengi wa kijiji, alikuwa akijengewa chumba pembeni mwa nyumba yake. Kwa miaka mingi wanawake walikuwa wakijifungulia katika chumba chake cha kulala, na sasa alitaka wawe na mahali pao. Kazi ya mlango alipewa fundi wangu, na akiridhika nao atampa na madirisha ya nyumba nzima. Hapo nikajiingiza. Nilimwomba fundi aniache niende mimi kwa baiskeli, nipime, nichore, yeye atengeneze kwa kufuata karatasi.

"Mimi huenda mwenyewe," alisema. "Husimama njiani nikatazama ndani. Mlango wa nyumba hauanzi kwenye mbao, unaanza njiani."

"Kila kitu kitakuwamo kwenye mchoro, fundi."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Alikuwa na vitanda vinne vya kumaliza. Akakubali.

Bibi alinipokea vizuri, akanipa maji ya dafu, akanionyesha. Chumba kilipakana na njia ya kwendea msikitini. Ukisimama njiani, kitanda kingekaa kushoto, kwa sababu upande wa kulia palikuwa na kijilango cha kwendea uani, nako ndiko maji ya moto yangetokea. Dirisha lilikuwa moja, dogo, juu.

"Kwa joto la humu mlango utaachwa nusu wazi," alisema. "Nataka upepo uingie, macho yasiingie."

Kwetu hilo ni jambo la kawaida, kila fundi wa pwani analijua. Bawaba zikikaa kushoto, ubao wa mlango uliofunguliwa nusu husimama katikati ya njia na kitanda. Zikikaa kulia, ubao huegemea upande usio na kitu, na anayepita hukutana na kitanda moja kwa moja. Nilimwambia bibi nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa.

Nilichora sura mbili, ya mbele na ya ubavuni, na juu ya kila mstari niliandika futi na inchi. Katika sura ya mbele bawaba hazikuonekana, kwa kuwa zilifichwa na ubao. Ilipasa nizionyeshe kwa mistari ya vipande vipande. Nilijaribu. Vipande vilitoka vingine virefu, vingine vifupi, kama meno ya mtoto. Nikabadilisha karatasi mara tatu. Ya nne nikaiacha bila mistari hiyo, nikajiambia kwamba bawaba zimeonekana tayari katika sura ya ubavuni, basi zina haja gani ya kuonekana mara mbili? Sura hiyo ya ubavuni ilikuwa ya mlango uliotazamwa kutoka kushoto, na nikaiweka upande wa kulia wa karatasi, kama kitabu kilivyoagiza.

Fundi aliipokea karatasi kwa ncha za vidole. "Hii ni ya kutundika, si ya kufanyia kazi," alisema, nami nilifurahi siku nzima. Alitengeneza mlango na miimo yake, yaani nguzo za kushoto na kulia, katika karakana, akachimba nafasi za bawaba kwa patasi, akavipeleka Mwabungo kwa mkokoteni. Siku aliyousimamisha, bibi alikuwa ameitwa Galu kwa mzazi, na chumba kilikuwa kitupu, hakina hata mkeka.

Kitanda kiliingizwa baada ya siku tatu. Bibi alimleta mke wa jirani yake, msichana aliyekuwa karibu kujifungua mimba ya kwanza, ili akizoee chumba. Akakaa kitandani, mlango nusu wazi. Wanaume walikuwa wakitoka kuswali alasiri. Mmoja akamwona, na kwa adabu ya mazoea akamsalimu kwa sauti: "Hujambo, mwanangu?" Msichana akainuka, akajitanda kanga hadi machoni.

"Bibi, hapa sizai. Bora nizalie shambani."

Maneno hayo niliyapata dukani, kwa mtu aliyetumwa kununua chumvi na kumwita fundi. Alisema bibi amekasirika, na kwamba amesema fundi amezeeka, anatengeneza milango kama mtu asiye na mama.

Nitaeleza nilichofanya, ingawa najionea haya. Sikukimbilia karakana. Niliingia nyuma ya magunia, nikafungua kitabu, nikatafuta ukurasa. Nikaona nimechora sawa. Kinachoonekana kutoka kushoto huwekwa kulia: imeandikwa, na picha ipo. Nilipumua kama mtu aliyeachiliwa. Kosa si langu, nilijiambia, kosa ni la aliyesoma. Siku nzima iliyofuata nilipima sukari nikiwa na raha hiyo, nayo ikawa inachacha kidogo kidogo, kwa maana nilijua ni nani peke yake Ukunda nzima aliyekuwa na kitabu kile.

Kesho yake nilipanda baiskeli na kitabu kikapuni. Sijui hata sasa kama nilikwenda kukiri au kujitetea. Nilipofika, fundi alikuwa amekwisha kuushusha mlango na kuuegemeza ukutani, naye bibi alikuwa amesimama mbele yake.

"Miaka yote hii, fundi. Ulikuwa na haraka gani?"

"Nimekosea, bibi. Nitaurekebisha leo."

"Na madirisha nayo utayaweka darini?"

Fundi aliendelea kung'oa bawaba. Karatasi yangu ilikuwa pale pale, imekunjwa chini ya randa, wala hakuinyoshea kidole. Alikuwa tayari kuyakosa madirisha na jina lake kuharibika, nami nibaki na mchoro wangu wa kutundika.

"Shikamoo, bibi," nilisema. "Kosa ni langu. Yeye amefuata karatasi yangu."

"Marahaba. Karatasi gani?"

Nikaikunjua. Hakujua kusoma michoro, lakini aliitazama kwa makini, akaigeuza upande huu na ule. Kisha akaniuliza swali ambalo kitabu changu hakikuwa nalo. "Wewe ulipoyachora haya, ulikuwa umesimama wapi?"

Nikaanza kueleza. Kwamba unatazama kitu kutoka kushoto, na unachokiona unakiacha kianguke ng'ambo, kama kivuli kwenye ukuta wa upande wa pili. Ndiyo sababu sura ya kushoto hukaa kulia.

Fundi aliinua kichwa. "Picha ilikuwa kulia, nami nikaweka kulia. Kumbe ilikuwa ya ubavu wa kushoto?"

"Ndiyo, fundi."

"Na mtu akitazamwa kutoka juu, utamchora wapi?"

"Chini."

"Chini ya miguu?"

"Ndiyo."

"Bibi, umesikia? Huko vitabuni kofia huvaliwa kwenye nyayo!"

Bibi alicheka mpaka akaketi kizingitini, na fundi akacheka, na mimi nikacheka. Aliponyamaza, bibi alinitazama usoni. "Mimi nilikwambia kushoto. Ungeandika tu neno kushoto, lingekupunguzia nini?"

Niliwaambia ukweli. Nilisema nilijua ilipasa nionyeshe bawaba katika sura ya mbele pia, na sikuonyesha kwa sababu mistari ilitoka mibaya, na neno nililiona litaharibu nafasi nyeupe. Sikuwahi kusema jambo la kipumbavu hivyo mbele ya watu wazima. Bibi hakunitukana. Alimgeukia fundi, akamwomba radhi kwa lile neno la mtu asiye na mama, kisha akamwuliza madirisha yake atayapima lini.

"Nitakuja mwenyewe," alisema fundi. Baadaye akaongeza, "Na huyu nitamleta ashike uzi."

Tulifanya kazi mpaka jua lilipokuwa linazama. Alichimba nafasi mpya kwenye mwimo wa kushoto, akaniachia nizibe za zamani kwa vipande vya mvule. Vilikaa vibaya. Nilitaka kuving'oa nianze upya, akanishika mkono. "Acha. Mwenye kuzaa hatazami viraka." Msichana yule alijifungua katika chumba kile juma lililofuata.

Udadisi haukuniacha. Miezi michache baadaye alipita dukani fundi wa mitambo aliyekuwa akipeleka pampu ya maji upande wa Msambweni, na ndani ya kasha mlikuwa na karatasi za kuiunganishia. Nilimwomba nizione. Pampu ilikuwa imechorwa kwa sura tatu, na sura ya kulia ilikaa kulia, na sura ya juu ilikaa juu. Nilimwuliza kama kuna kosa. Alisema hakuna, nchi nyingine huchora hivyo, na desturi zote mbili ni sahihi, mradi mchoraji aseme anafuata ipi. Nilikwenda mbio karakana kumwambia fundi kwamba wako watu wazima ng'ambo, wenye viwanda, wanaosoma mchoro kama yeye alivyousoma.

"Alhamdulillahi," alisema, bila kuacha kupiga randa. "Nao kofia zao ziko wapi?"

"Kichwani, fundi."

"Watu wa maana hao."

Sasa nachorea mafundi wengine pia, na mkono wangu umetulia kidogo. Karatasi zangu si safi tena: zina mistari ya vipande vipande isiyolingana, na maneno kushoto, kulia, njiani, uani. Wala simpi mtu mchoro nikaondoka. Nakaa naye, namwomba anieleze anachokiona, na akisema tofauti na nilivyokusudia, nabadilisha mchoro.