Doha hadi Kuala Lumpur, na Ufagio Nyuma ya Mlango

Kwetu Sori, mtu wa nyumbani akiwa safarini, nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia, unamfagia na yeye huko aliko. Mama ameshika jambo hili kuliko katekisimu. Siku gari letu lilipoharibikia Isebania nikalala huko, nilirudi nikakuta vumbi la sebuleni linatosha kupanda mihogo.

Jumamosi ile msafiri alikuwa dadangu. Alimaliza mkataba wa kazi za nyumbani Doha, akapata kazi ya hoteli Kuala Lumpur. Alinitumia picha ya tiketi: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa mbili na nusu usiku. Ufagio ukaenda nyuma ya mlango. Shida ni kwamba saa kumi jioni akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kusali kwetu, mara ya kwanza tangu Mama achaguliwe mwenyekiti wao, na sisi tulikuwa tumebambua njugu sebuleni tangu alfajiri. Maganda yalifika magotini.

"Saa mbili na nusu usiku," Mama alisema. "Basi watanikuta hivi."

Sasa, mimi nimemaliza shule ya usiku pale Migori, nikiwa na ndevu ndefu kuliko za mwalimu, na cheti changu kiko ukutani mahali ambapo hata kuku anakiona. Nikatoa atlasi. Nikachukua uzi wa kushonea nyavu, nikaunyoosha kutoka Doha hadi Kuala Lumpur, nikaupima kwa rula. Karibu kilomita elfu sita. Ukigawa kwa saa kumi na mbili na nusu, ndege haifiki hata kilomita mia tano kwa saa, na mwalimu wa jiografia alituambia ndege kubwa huenda kama mia nane. Hii ilikuwa imebeba nini, kokoto?

Nikaikodolea tiketi mpaka macho yakatoa moshi, halafu nikaona. Saa ya kuondoka ni ya Doha, sawa na yetu. Saa ya kufika ni ya Malaysia, ambako wametutangulia kwa saa tano. Mbili na nusu yao ya usiku ni tisa na nusu yetu ya mchana.

"Mama, saa tisa na nusu atakuwa chini. Utafagia kabla wageni hawajafika."

"Umemwona akishuka?"

"Hesabu imemwona."

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, na akianza hivyo ujue umeshindwa, "hesabu yako ikikosea, utanizalia msichana mwingine?"

Tisa na nusu ikafika, ikapita. Simu kimya. Mama aliishika kwa mikono miwili. Nilipima ule uzi upya mara mia. Saa kumi kamili wakaingia akina mama kumi na wawili, wakakaa, maganda yakilia chini ya viatu vyao. Hakuna aliyeuliza kitu; wote wana watoto. Mama akaanza sala, simu mapajani.

Saa kumi na dakika ishirini simu ikalia. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, dada akasema, na laini mpya ilikataa kushika. Ndege ilitua tisa na nusu yetu. Nilitaka alirudie hilo kwa sauti, wageni wasikie, lakini Mama alikuwa ameshakata simu. Akanipa bila kuniangalia, akaenda nyuma ya mlango, na akina mama wote kumi na wawili wakainua miguu.