Droo ya Mhasibu

Mhasibu wa kiwanda cha nguo ana droo ambayo huifungua kila anapotaka kudanganya. Huichungulia, hukohoa kikohozi cha kuazima, kisha husema kwa upole wa mtu aliye mbele ya mkwewe, “Dada, malipo yako yako njiani.” Mpiga pasi wao wa zamani ameshaizoea droo hiyo. Aliacha kazi mwaka jana, mshahara wa mwisho hajauona, na sasa ofisi ya kodi inamdai kwa sababu kwenye rekodi za mhasibu bado analipwa kila mwezi.

Leo alipofika kiwandani hakubishana. Aliingia ofisini kwa mhasibu, akachomeka pasi, akatandaza mezani shati la kwanza alilolikuta likining'inia hapo.

“Dada, unafanya nini?”

“Kazi, kaka. Si umeandika bado nipo?”

Mafundi waliokuwa wakichungulia mlangoni waliangua kicheko. Mhasibu, mkono wa birika hata kwa pesa isiyo yake, akafungua droo. Safari hii hakukohoa. Akatoa hundi iliyosainiwa zamani, ina doa la chai, akaifuta kwa tai yake kama anayeagana nayo, akamkabidhi. Kisha akaiandikia ofisi ya kodi barua, akagonga muhuri.

“Haya, nimekutoa kazini. Ila hilo shati limalizie, dada. Ni langu.”