Tumbo la Kondoo la Mwalimu Mskoti

Jana jirani alichemsha maini kwa pilipili manga, na harufu ilipofika dirishani kwangu nikajikuta nimeegemea ukuta.

Mama alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja mzee, Mskoti, pale Ruhuwiko. Kila msimu wa baridi mwalimu aliwaalika wageni kula chakula cha kwao: tumbo la kondoo lililojazwa maini, moyo, vitunguu, shayiri na pilipili manga, likashonwa na kuchemshwa kwa saa tatu. Mwaka ule jiko lake liliharibika, mama akapikia nyumbani.

Mchana baba akaingia, amelewa.

"Wageni wale nyama, mimi kwangu nile mlenda?"

"Baba watoto, hii si yetu," mama alisema.

Baba akashika ukuni, akampiga nao mdomoni. Jino likaanguka sakafuni. Alipouinua tena, nilichota maji yaliyokuwa yakitokota kwenye sufuria, nikammwagia miguuni.

Alianguka akipiga mayowe. Nilisubiri mama anichape. Yeye akaliopoa lile tumbo, akalitia kwenye bakuli, akanishika mkono tukatoka. Njia nzima damu ilimdondokea kwenye blauzi, na hakuifuta.

"Shikamoo mwalimu," alisema mlangoni. "Chakula nimeleta. Mimi na binti yangu haturudi kule."

Mwalimu alimtazama mdomo, akaufungua mlango wote.

"Marahaba. Ingieni."

Jioni ile tuliketi mezani pamoja na wageni. Mama alitafuna polepole, kwa upande mmoja, mpaka sahani yake ikaisha.