Duara la Bibi Lililoachwa Jeupe

Likizo ile ya mwezi wa sita nyumba yetu ya Kilosa ilinuka spiriti. Baraza lilinuka, mapazia yalinuka, hata ugali niliuona unanuka, kwa sababu mama mdogo Neema alikuja kutoka chuo kikuu na wanafunzi wake wawili na sanduku la vichupa vya damu, na kila aliyeingia alilazimishwa kusafisha mikono kwa dawa ile. Mama mdogo alikuwa mtaalamu wa vinasaba, vitu vile tunavyorithishana damuni bila kuulizana. Alitafuta namna ya kuigundua saratani ya matiti mapema, kabla haijamshinda mtu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Ndiye mwanamke wa kwanza niliyemsikia akiitwa mwalimu na wanaume wenye ndevu.

Mezani alitandaza karatasi kubwa akachora ukoo wetu: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, na aliyekufa kwa saratani apakwe wino mweusi. Shida ni kwamba hakuna aliyepakwa. Kwetu ugonjwa wa titi haukutajwa. Wanawake walikufa kwa kifua, kwa homa, kwa wivu wa majirani, lakini kwa titi, hasha. Wanafunzi walizunguka siku nane nyumba kwa nyumba, wakarudi na chai tumboni na karatasi tupu. Hata duara la bibi, aliyewazaa mama na mama mdogo, lilibaki jeupe. Bibi alifariki mama mdogo akiwa darasa la kwanza, na mama, aliyemuuguza, alisema siku zote kwamba kilichomuua ni kifua.

Wiki iliyofuata tukaenda wote Ulaya, si ya Wazungu bali kijiji cha hukuhuku wilayani, kumaliza matanga ya mjomba wa mama na mama mdogo. Kwetu, matangani mtani hana mipaka: humwigiza marehemu, husema yasiyosemwa, na anayemkasirikia ndiye mwenye aibu. Bibi Agnesi, mtani wa ukoo wetu, alikuwa amevaa koti la marehemu, anachechemea kama yeye, anadai nyama laini kwa kuwa meno yake kayaacha kaburini. Tulicheka hadi machozi. Mama mdogo peke yake hakucheka. Aliweka sahani chini akamgeukia yule bibi.

"Mtani," akaita, "hebu tuonyeshe na mama yetu alivyokufa."

Bibi Agnesi hakuhitaji kubembelezwa. Alivua koti, akajikaza khanga kifuani, akatembea amejikunja, mkono umekinga titi la kushoto. "Kifua, kifua!" akaigiza. "Kifua gani kinachooza upande mmoja? Waongo wakubwa nyie! Titi lilimuua, na mama yake kabla yake. Mnaficha, mnadhani kaburi litawasengenya?" Watu wakacheka, maana ndiyo desturi, kisha kicheko kikafifia, kwa sababu mama alikuwa ameacha mwiko ndani ya sufuria na kukimbilia nyuma ya jiko.

Mama mdogo akamfuata, nami nikamfuata mama mdogo, kwa umbea wangu tu.

"Dada," alisema, "na wewe?"

Mama alijigusa kifuani. "Kivimbe kidogo. Tangu masika. Sikutaka ulie."

Mama mdogo hakulia. Alimshika mkono akasema, "Kesho tunakwenda Mikumi, kwa daktari. Mahindi yatasubiri." Aliyelia ni mimi, tena kwa sauti, na ndipo wakagundua kwamba nilikuwapo.

Asubuhi, kabla ya gari, aliwaita wanafunzi wake, akapaka wino duara la bibi na la mama yake bibi. "Andikeni," aliwaambia, "kwamba mwalimu wenu aliuliza wilaya nzima akasahau kuuliza kwao. Na kuanzia leo, tukifika kijijini tunaanza na watani." Wakaandika. Mmoja wao sasa ni mhadhiri, na nasikia anawafundisha wake hivyohivyo. Nimefanya kazi na wenye vyeo wengi, sijaona mwingine awezaye kukiri kosa mbele ya aliowafundisha na heshima yake ikazidi.

Kutoka Mikumi mama alipelekwa Dar es Salaam, akakatwa titi moja, akarudi amekonda, ukali wake uleule. Daktari alisema tumewahi.

Siku hizi wasichana wa ukoo wetu hupanda treni ya umeme kwenda kupimwa, kisha hurudi wakilalamikia foleni. Malalamiko hayo hunifurahisha sana, maana zamani tuliogopa hata kuutaja ugonjwa wenyewe. Mama mdogo amestaafu, ingawa simu za wanafunzi hazimwachi ale.

Jumapili iliyopita nilimkuta binti yangu anamsuka mama barazani, akinung'unika kwamba mvi zinateleza, hazishiki mkononi. Mama akamwambia asivute. Nikasimama mlangoni nikawaza: bibi hakufika miaka arobaini, wala mama yake. Binti yangu ndiye mtoto wa kwanza kwetu kusuka mvi za bibi yake.