Mmm ya Mwalimu Zuhura

Mpaka leo nikikata vitunguu, midomo yangu hujibana yenyewe. Vidole vya Mwalimu Zuhura vilinuka vitunguu na chaki, na asubuhi nyingi za darasa la kwanza vilinibana midomo hadi machozi yakanitoka.

Kosa langu lilikuwa herufi moja. Alipoandika m, mimi nilisema "mu". Nyumbani tulisema Kinyamwezi, na kwetu mtu ni munhu. Ningeitoa wapi hiyo "mmm" yake ya ng'ombe? "Ukisema mu," alifoka, "neno mama utalisoma mua-mua. Funga mdomo." Kisha vidole. Nilimchukia, ndugu zangu, kwa moyo wangu wote mdogo.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya, naye alitoka mjini Tabora, kule Kitete, akiwa bado kwenye majaribio. Tuliwasikia wazazi wakisema kwamba mkaguzi akija asiporidhika, mwalimu atarudishwa kwao. Tungepata wapi bahati kubwa kuliko hiyo? Rafiki yangu Kabula akatoa shauri tulipokwenda kuchota maji: siku hiyo sote tuseme "mu". Tukakubaliana. Umoja ni nguvu, tuliambiwa kila siku.

Mkaguzi akaja na suti yake ya mikono mifupi. Akaigusa m ubaoni kwa fimbo. "Mu," tukaitika darasa zima, kwa nguvu.

"Vizuri sana," akasema akitabasamu. "Mu. Hongera, mwalimu. Unafaa."

Nilitamani kulia. Tulikuwa tumempa kazi adui yetu kwa vinywa vyetu wenyewe.

Mwalimu Zuhura angeweza kusema ahsante tu, yakaisha. "Samahani, mzee," akasema, "wamekosea. Na wewe umekosea." Akafunga midomo, akamtolea "mmm" ndefu usoni. Tabasamu la mkaguzi likafutika.

Wiki haikuisha, mwalimu akafukuzwa, akaondoka na sanduku lake kichwani. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Miaka mingi nilimwona mjinga: riziki imeletwa mdomoni, akaitema. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba hakutuchukia. Ukali aliotupa sisi ndio aliompa mkubwa aliyeweza kumfukuza, wala hakuupunguza. Bado simpendi, midomo iliuma. Lakini mwalimu aliyemfuata alikuwa mpole, alitupigia makofi kwa lolote tulilosema, na Kabula, aliyetoa lile shauri, hadi leo anaweka dole gumba badala ya sahihi.